Yupo, Ila Hajibu

Kwa miaka mingi nimelipwa mshahara ili nisimwamini mtu. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Ndiyo kazi yenyewe. Nasimama kwenye uwanja wa kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya alizeti, Kizota, nikiwa na chuma kirefu chenye ncha na mfereji katikati. Tunakiita bambo. Mkulima anashusha magunia, mimi nachoma, punje zinateremka kwenye mfereji mpaka kiganjani. Zikiwa mbichi, nazijua. Zikiwa mapepe, nazijua. Kukiwa na mchanga, nausikia hata kabla sijauona, kwa sababu chuma kikipita kwenye mchanga kinatoa mlio wa mtu anayesaga meno usingizini.

Nimekuta mengi ndani ya magunia. Matofali, mabua yaliyolowekwa, udongo uliofungwa kwenye kitambaa, na siku moja kiatu cha mvua cha mguu wa kushoto. Waliovileta walikuwa watu wa kawaida, wenye watoto, wanaosalimia vizuri. Kwa hiyo nikajifunza kutotazama sura. Nilichoma juu, nikachoma katikati, nikachoma chini. Na mtu akianza kuapa kwa Mungu kabla sijamuuliza chochote, gunia lake nililirudia.

Mwenyewe nimezaliwa upande wa Chamwino, si mbali na Buigiri, katika nyumba ya Kianglikana. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na sisi watoto tulijua zaburi kwa Kigogo kabla ya kujua kusoma. Nilipohamia mjini niliendelea kwenda kanisani kila Jumapili, kama mtu anavyokwenda kwa ndugu ambaye hamna ugomvi naye wala hamna mazungumzo. Ungeniuliza kama Mungu yupo ningekujibu yupo, kama ninavyojua kwamba Mwanza ipo. Sijawahi kufika, lakini sina sababu ya kubisha.

Mume wangu alishafariki, na binti yangu ameolewa Singida. Niliishi peke yangu kwenye vyumba viwili vya kupanga, na niliporudi jioni nilikagua kufuli kabla ya kulifungua.

Yule mama alikuja mwanzoni mwa msimu, baada ya mavuno. Alishuka kutoka kwenye Fuso iliyotoka Kondoa, imejaa magunia ya watu mbalimbali wa Busi na vijiji vya jirani. Wenzake wote walikuwa wanaume. Yeye alikuwa mwembamba, mrefu, wa umri kama wangu, amejifunga mtandio wa kahawia uliojaa vumbi la safari. Kawaida wakulima wakifika huenda kwanza kwa madalali pale getini, wakawauzia kwa bei ya kuumia ili wasikae kwenye foleni. Yeye aliwapita kana kwamba ni nguzo za umeme, akaja moja kwa moja kwangu.

"Dada, habari za kazi?"

"Nzuri. Magunia yako yapi?"

Akanionyesha. Kisha akageuza uso pembeni kidogo, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemnong'oneza mwenzake msibani: "Umemwona? Hata pole ya safari hakuna."

Niligeuka kuangalia anaongea na nani. Nyuma yake kulikuwa na ukuta, na baiskeli ya mlinzi imeegemezwa. Hakuna mtu.

Nikachoma magunia yake. Alizeti ilikuwa kavu, nyeusi, safi. Hakukuwa na jiwe, hakukuwa na bua. Hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kusita. Mzigo wa mkulima una uchafu kidogo hata kama ni mwaminifu. Upepo unaleta, kuku wanaleta. Mzigo usio na doa ni mzigo uliopangwa. Nikaamuru vibarua wafungue magunia mawili na kuyamwaga yote kwenye turubai. Yule mama alisimama na mikono kiunoni.

"Dada, unatafuta nini?"

"Natafuta kilichomo."

"Kilichomo ni alizeti." Akageuka tena pembeni. "Si ulikuwepo nikipepeta? Mwambie basi."

Vibarua wakacheka. Mimi sikucheka. Niliwajua matapeli wa simu, wanaoweka kisikilizio sikioni na kuelekezwa na mwenzao aliyekaa mbali. Nilimwangalia upande wa sikio kwa makini, lakini mtandio ulifunika kila kitu.

Hatukukuta kitu. Alizeti ikazolewa, ikapimwa, akalipwa, akaondoka akiwa bado anateta na huyo wake.

Pale getini kulikuwa na dalali mmoja ambaye nilimpenda. Kijana mtanashati, shati limepigwa pasi hata siku za vumbi, na tulisali kanisa moja. Aliimba sauti ya tatu kwenye kwaya. Kila asubuhi alinipa shikamoo huku amekunja goti kidogo, kama tulivyofundishwa zamani. Siku zile za joto aliniletea maji ya kunywa. Jioni ile alinifuata.

"Mama, yule mama wa Kondoa mwangalie sana. Ameanza na mzigo mzuri makusudi. Akishakuzoesha, atakuletea takataka."

"Nimeshamwelewa," nikamjibu.

Na kweli mchezo huo upo, nimeuona mara nyingi. Mtu analeta safi, analeta safi, wewe mkono unalegea, halafu siku moja analeta nusu gunia la udongo. Basi nikawa namsubiri. Kila alipokuja, nilichoma magunia yake mara mbili ya watu wengine. Sikumpa nafasi ya kunizoea. Siku moja nilimwambia afungue mtandio kwa kisingizio kwamba kulikuwa na mdudu begani. Aliufungua, akaukung'uta, akaufunga tena. Masikio yake yalikuwa matupu, hata hereni hakuvaa.

Hilo lilinisumbua kuliko kama ningekikuta hicho kisikilizio. Kwa sababu aliendelea kuongea. Jua likichoma alisema, "Leo umekusudia kutukaanga?" Kibarua akimwangushia gunia kwa fujo alisema, "Haya, umeliona hilo, mimi nimenyamaza." Hakuwa kichaa. Hesabu zake zilikuwa sawa, na bei alibishana vizuri kuliko wanaume. Halafu nikaona jambo jingine: wale wakulima aliokuja nao walianza kuwapita madalali na kumfuata yeye kwenye foleni. Niliona, lakini sikulijumlisha na lingine lolote. Akili yangu yote ilikuwa imeelekezwa kwenye magunia yake, kwa hiyo wengine walikuwa salama kabisa.

Siku moja msimu ukielekea mwisho, umeme ulikatika tangu mchana. Mizani yetu ni ya umeme, na jenereta lilikuwa bovu. Tukawaambia wakulima waache mizigo uwanjani, warudi asubuhi. Wengine walilala humohumo kwenye malori. Yeye alikuwa na ndugu mtaa wa Chang'ombe, akaenda huko. Kabla hajaondoka alipanga magunia yake vizuri kando ya ukuta, karibu na pale bosi alipokuwa anajenga stoo mpya, akayagusagusa moja moja kama mama anayehesabu watoto waliolala.

"Nakuachia," akasema.

"Mimi si mlinzi," nikamwambia.

"Sikusema na wewe, dada."

Asubuhi umeme ulikuwa umerudi. Foleni ikaanza, na zamu yake ikafika. Nikachoma gunia la kwanza, safi. La pili, safi. La tatu, bambo liliingia kidogo likagota. Nikasukuma. Likalia.

Nitasema ukweli wa nilichokisikia moyoni wakati ule, kwa sababu bila hicho haya mengine hayaeleweki. Nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyengoja basi tangu alfajiri na sasa analiona linakata kona. Nikapaza sauti: "Fungueni hili! Mwageni!" Vibarua wakamwaga. Juu kulikuwa na alizeti. Katikati na chini zilishuka kokoto, zikatawanyika kwenye turubai na vumbi lake jeupe. Tukafungua lililofuata, hivyohivyo. Na jingine.

Uwanja wote ulikusanyika. Mtu mmoja akasema, "Ndiyo wale wanaojifanya wacha Mungu." Mwingine akasema, "Mama wa bambo amemngoja mpaka amemnasa!" Bosi akatoka ofisini akiwa na chai mkononi. Aliniangalia mimi kwanza, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akamgeukia yule mama.

"Chukua mzigo wako wote utoke. Na nisikuone tena hapa."

Yule mama hakulia, hakuapa. Aliinama, akachukua kokoto moja, akaigeuza mkononi. Kisha akainua uso, akageukia upande wake uleule, na nikamsikia kwa sababu nilikuwa karibu kuliko wote:

"Hata hili ulilitazama tu?"

Nilijua sasa anaongea na nani. Nadhani nilikuwa najua tangu zamani kidogo, ila sikutaka kulipa jina.

Na hapohapo likatokea jambo ambalo kila nikilieleza naona maneno yanalipunguza. Nilihisi kuna mtu amesimama kushoto kwangu. Sikuhisi kama mtu anayevizia kwa nyuma. Alikuwa pembeni, karibu kiasi kwamba ningetoa kiwiko ningemgusa. Hakuwa amekasirika. Alikuwa kama mtu anayekusubiri umalize unachofanya ili muendelee na safari. Niligeuka. Niliona toroli limelala na kijiko cha kuzolea. Nikarudisha uso, na bado alikuwepo. Nikajua naonekana. Furaha yangu ile, niliyodhani imo ndani ya kifua changu peke yangu, ilikuwa inaonekana kama zile kokoto kwenye turubai.

Nikashika shavu, labda nina homa. Sikuwa na homa. Nilikuwa nimekunywa chai na maandazi, sikuwa na njaa.

Wakati huo yule dalali kijana alikuwa ameshamfikia yule mama. Alisema kwa upole, sauti ileile ya kwaya: "Pole, mama yangu. Yanatokea. Hayo magunia yaliyobaki usihangaike nayo njiani, mimi nitakusaidia kuyachukua. Bei itakuwa ndogo kidogo, unaelewa hali ilivyo."

Kama ningekuwa bado nimefurahi nisingemsikia. Lakini furaha ilikuwa imeniishia, na mahali pake kukawa na utulivu wa ajabu, na katika ule utulivu nikaona kwamba kijana amewahi mno. Mtu amekamatwa sasa hivi, na wewe tayari una bei?

Nikainama kwenye lile gunia tupu. Magunia ya yule mama nilikuwa nimeyachoma msimu mzima, kwa hiyo nilikuwa naijua mishono yake kuliko ninavyoijua ya nguo zangu. Alishona midomo kwa kamba ya katani, nene, kwa mshono wa kurudi nyuma. Gunia hili lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa nailoni wa bluu. Nikaangalia jingine lenye kokoto: bluu. Nikaangalia yale safi: katani. Nikachukua kokoto. Busi udongo wake ni mwekundu, na kila kitu kinachotoka kule huja na wekundu huo, hata kwato za mbuzi. Kokoto hizi zilikuwa za kijivu na vumbi jeupe, sawasawa na lile lundo lililokuwa hatua chache tu kutoka pale, la ujenzi wa stoo.

"Bosi," nikasema. "Subiri kidogo."

"Nini tena? Si umeshamkamata?"

"Hizi kokoto ni zako."

Akaniangalia kama nimemtukana. Nikamwonyesha uzi, nikamwonyesha lundo. Nikamwita mlinzi, nikamuuliza mbele ya wote nani aliingia uwanjani jana jioni baada ya sisi kuondoka. Mlinzi akajikuna kisogo. Akasema hakuingia mgeni, ila huyu kijana tu, aliomba apange vizuri magunia yake mwenyewe, na kwa kuwa ni mtu wa siku zote...

Kijana akacheka. "Mama, hata wewe? Si unanijua mimi?"

"Nakujua," nikasema. "Lete magunia yako tuyachome."

Sikuwahi kuchoma mzigo wake kwa makini hata siku moja. Tangu watu wa Busi waanze kumpita getini, alizeti aliyonunua ilikuwa ya wakulima wa huku tu, ya milia, nyeupe na nyeusi. Nikachoma la kwanza, milia. Nikachoma la nyuma kabisa, na kiganjani zikashuka punje ndogo nyeusi tupu, kavu, safi, bila bua wala jiwe.

Yule kijana alinitazama, na macho yake yalikuwa ya mtoto aliyeamshwa ghafla. Kisha akaanza kusema maneno mengi kwa pamoja, kwamba ni vibarua walichanganya, kwamba kuna watu wanamwonea wivu. Bosi akamshika mkono na kumtoa nje ya geti mwenyewe. Yule mama akarudishiwa alizeti yake, ikapimwa, akalipwa.

Nilimfuata bombani alipokuwa ananawa. Nilitegemea atanishukuru, na kwa siri nilikuwa nimeshaandaa jibu la unyenyekevu. Hakunishukuru.

"Msimu mzima umetafuta," akasema. "Leo ulipopata nilikuona uso. Ulimeremeta kama bibi harusi."

"Ni kweli."

Nadhani hakutegemea nikubali. Alikamua ncha ya mtandio wake kwa muda mrefu.

"Unaongea Naye muda wote," nikasema. "Kwa nini?"

"Naishi peke yangu, dada. Watoto wameondoka, mzee amefariki. Nisipoongea Naye nitaongea na mbuzi?"

"Anakujibu?"

"Yupo, ila hajibu." Akafikiri kidogo. "Mtu akiwa chumbani amekaa kimya, na wewe unaingia gizani, huwezi kujua kwamba kuna mtu?"

"Naweza."

"Basi."

Nikataka kumwambia kilichonitokea pale kwenye turubai, nikashindwa. Niliona ataniambia ni Yeye, na mimi sikutaka kuambiwa. Nilitaka kuhakiki mwenyewe.

Wiki iliyofuata nilikwenda zahanati kupima presha. Nikaambiwa iko vizuri kwa umri wangu. Nikamuuliza dada yangu kwa simu kama bibi yetu aliwahi kuona vitu. Akaniuliza vitu gani, nikasema basi. Akashuku, akaniambia niangalie majirani, huenda kuna mtu ananifanyia mambo. Nilikaa siku kadhaa nikiwaangalia majirani. Mmoja alikuwa anaanika mboga, mwingine alikuwa anagombana na mume wake kuhusu king'amuzi. Hawakuwa na muda na mimi.

Nilihangaika hivyo kwa sababu yule wa pembeni yangu alirudi. Nasema alirudi, lakini huenda hakuondoka na mimi ndiye niliyekuwa natoka na kuingia. Nilikuwa naosha vyombo nje, sufuria ya ugali imeganda, nakwangua, na akawepo. Nilikuwa kwenye kioski cha maji, ndoo zimepangwa mpaka barabarani, mama mmoja kanichomekea ndoo yake mbele, mdomo nimeshaufungua, na akawepo. Nikaufunga mdomo. Nilikasirika kuufunga, maana yule mama alistahili.

Nikaamua kumjaribu. Nilikaa kitandani, nikafumba macho, nikaomba kwa maneno mazuri ya kitabu, nikamwambia kama ni Wewe, njoo sasa. Nilisikia friji ya jirani tu. Nikajiambia, umeona, ni mawazo yako. Nikaenda kuchambua mchicha, na nikiwa katikati ya kuchambua, mikono imelowa, bila ya kumwita, akawepo, kimya vilevile. Hakuwa na haraka wala hakuonekana kuudhika kwamba nilikuwa namjaribu. Nikasema kwa sauti, mara ya kwanza maishani mwangu, nikiwa peke yangu jikoni: "Unataka nini?"

Hakujibu.

Nilimweleza mchungaji, na hilo nililijutia palepale. Sijamaliza, akapiga makofi. Akasema huo ni ushuhuda mkubwa, nitasimama Jumapili mbele ya watu, na kwamba niutengeneze kidogo, niweke na sauti, watu wanapenda kusikia Mungu alisema nini. Nikamwambia hakusema kitu. Akasema, "Lakini ndani ya moyo si alisema?" Nilimtazama mtu yule mzuri, anayetuzika na kutubatiza, na nikamwona anataka kuongeza uzito kwenye gunia. Nikamwambia nitafikiri. Jumapili hiyo nilikaa benchi la nyuma na nikatoka kabla ya matangazo.

Kazini niliendelea na kazi. Kuna watu wangependa niseme kwamba tangu siku ile niliwaamini wakulima, hapana. Naendelea kuchoma juu, katikati na chini. Kabla msimu haujafungwa alikuja mzee mmoja na mchanga wa kweli, wa kwake mwenyewe, aliouchanganya kwa mkono wake. Nilimkamata. Na nikiwa nimemkamata nilijua siko peke yangu, yupo pembeni yangu palepale pa siku zote. Sikupaza sauti. Nilimwita mzee kando, nikamwonyesha kiganja changu, nikamwambia, "Shikamoo, mzee. Huu mzigo hauwezi kuingia. Nenda ukaupepete, urudi." Aliangalia mchanga, akaniangalia mimi, akaondoka na mzigo wake bila watu kujua. Kibarua mmoja akaniuliza siku hizi nimekuwaje, mbona sipigi kelele. Nikamwambia koo linaniuma.

Msimu ulipokwisha, mvua za kwanza zilianza kunyesha, na kiwanda kikapunguza kazi. Jumapili moja mchana nilikuwa nimekaa mlangoni napepeta mtama, nikamwona yule kijana dalali anakuja. Alikuwa amekonda. Shati halikuwa limepigwa pasi. Kanisani hakuonekana tena tangu siku ile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Moyo wangu ulifanya kazi yake uliyoizoea: ametumwa na nani, anataka nini, kwa nini leo. Lakini mvua ilikuwa inaanza, nikamwambia aingie. Nikampa kiti, nikammiminia chai. Akaeleza kwamba hapati kazi mahali popote Kizota, habari imeenea, na amesikia kuna ghala upande wa Kibaigwa wanatafuta mtu. Akaomba niende naye siku moja niseme kwamba namfahamu.

"Nikienda, nitasema ninachokifahamu," nikamwambia.

Akainamisha kichwa. "Nilikuwa na shida, mama."

"Shida gani?"

Akaanza kueleza, mama yake mgonjwa, kodi ya nyumba, na wakati anaeleza nilikuwa nachuja kila neno. Baadhi yalikuwa ya kweli. Baadhi yalikuwa kokoto. Sikuweza kuyatenganisha yote, na katikati ya kuchuja, bila mimi kutaka, yule asiyejibu akawa amekaa humo ndani nasi. Sikumtegemea. Nilikuwa nimeanza kumzoea nikiwa peke yangu na masufuria yangu, lakini sikudhani angekaa chumba kimoja na mtu huyu. Alikaa. Na hakukaa upande wangu.

Mvua ilipiga bati. Kijana alishika kikombe kwa mikono miwili, na nikamwona anageuza kichwa taratibu kuelekea mlango wa chumbani, ambao ulikuwa umerudishwa tu.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "kuna mtu mwingine humu ndani?"

Nilimkazia macho nione kama ananichezea, kwa sababu ni mjanja, na ningekuwa mjinga kusahau. Alikuwa anautazama ule mlango kwa mashaka kamili, kama mtu anayejiuliza ni nani amesikia maneno yake yote.

"Naishi peke yangu," nikamwambia. "Kunywa chai, itapoa."

Alikunywa. Hakuendelea na habari ya kodi ya nyumba. Baada ya muda akasema, "Zile kokoto nilijaza mimi mwenyewe, hakuna aliyenisaidia," ingawa sikuwa nimemuuliza, na akaweka kikombe chini. Mvua ilipopungua aliaga. Sikwenda naye Kibaigwa, na hakuniomba tena. Nasikia alipata kibarua cha kushusha mizigo kule, na kama anashusha kwa uaminifu sijui.

Alipoondoka nilikwenda nikausukuma ule mlango wa chumbani, nikachungulia. Kitanda, sanduku, kandambili zangu. Nikaangalia na uvunguni. Kisha nikarudi, nikaketi, nikavuta ungo wa mtama nikaendelea kupepeta, na sikuufunga ule mlango.